Kupiga picha mashine za Enigma kule Bletchley Park: uzoefu wangu, na kosa la shati jeupe

Picha zangu arobaini za kwanza za Bletchley Park, makumbusho ya Uingereza palipofumbuliwa siri za adui wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zote zina mtu mmoja ndani yake: mimi. Nimesimama kwenye kioo na shati langu jeupe, kamera usoni, na mahali fulani nyuma ya kitambi changu ndiyo Enigma yenyewe, mashine ambayo Wajerumani waliandikia ujumbe wao wa siri. Mpwa wangu anayesoma huko Uingereza alizitazama moja baada ya nyingine, akacheka hadi akashika ukuta. "Mjomba, umekuja kupiga mashine au kujipiga mwenyewe?"

Kwa hiyo ukienda, vaa nyeusi. Mashine nyingi zimewekwa ndani ya makabati ya kioo na mwanga wa vyumbani ni hafifu, basi kila cheupe kilicho upande wako kinakurudia kwenye picha. Mimi nilijiona mjanja, nilikuwa nimenunua filta ya polaraizi katika duka moja la kamera, muuzaji akiniapia kwamba inafuta mng'ao wote. Nimejifunza kwa pesa yangu: filta ile husaidia ukipiga kioo kwa mshazari. Ukisimama nacho uso kwa uso haifanyi kitu, juu ya chuma kitupu haifanyi kitu, na bado inakula mwanga ambao hata bila yake ulikuwa haba. Niliitia mfukoni, na mfukoni ikakaa.

Kilichoniokoa ni mtandio. Mpwa wangu alikuwa na mtandio mweusi mwingine mkobani, akanifunika nao mimi na kamera pamoja, pembe zake akazishikilia kwenye kioo. Nikawa kama wale wapiga picha wa studio za zamani waliokuwa wakijigubika kitambaa. Kofia ya mpira ya lenzi niliigusisha kioo polepole, flashi nimeizima tangu mlangoni. Watoto wa shule waliokuja na mwalimu wao wakaacha kutazama Enigma wakanitazama mimi. Lakini mng'ao uliisha. (Ruhusa ya kamera niliiomba kabla ya kuitoa begini. Nawe omba, maana masharti ya chumba kimoja si lazima yawe ya chumba kingine.)

Shida iliyofuata sikuitarajia. Enigma ina rangi nyeusi iliyokunjamana, nayo kamera ikiona weusi mwingi hudhani ni giza na kuongeza mwanga. Mashine inatoka ya kijivu, kama imepakwa majivu. Nilipunguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua na weusi ukarudi kuwa weusi. Pia usifungue lenzi hadi mwisho. Kutoka vitufe vya mbele hadi magurudumu ya nyuma ni karibu shubiri nzima, na kwa f/1.8 utapata herufi moja kali na zilizobaki ukungu. Nilikaa kwenye f/5.6, ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, nikaipandisha hadi 3200, chengachenga nikazikubali.

Ukikaribia hivyo ndipo unaona kitu kinavyofanya kazi. Mpangilio wa vitufe unaanza QWERTZ, si QWERTY, kwa sababu ni taipu ya Kijerumani. Juu ya vitufe kuna herufi nyingine 26 zenye taa chini yake: unabonyeza moja, inawaka nyingine, na kamwe haiwaki ileile uliyobonyeza. Udhaifu huo mmoja uliwasaidia sana wafumbuaji. Mbele kuna ubao wa plagi, ambao kwa kawaida ulifungwa nyaya 10. Halafu hesabu vidirisha vya magurudumu. Vitatu ndiyo mashine ya kawaida. Ukiona vinne pamoja na ubao wa plagi ni M4, ambayo nyambizi za Kijerumani za Atlantiki zilianza kuitumia Februari 1942, na Bletchley ikakaa gizani, haiwezi kusoma ujumbe wao, hadi Desemba mwaka huohuo. Mimi nilipiga vile vidirisha vinne peke yake, bila mashine yote, na ndiyo picha niliyoichapa.

Lakini nitasema kweli: mashine iliyolala haipigiki sana. Baada ya ya tatu zote zinafanana. Kama unapenda picha zenye uhai, weka nguvu zako kwa majirani, Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta, ambayo yamo katika eneo hilohilo lakini tiketi yake ni ya peke yake. Huko kuna Bombe, mashine iliyotumiwa kutafuta mpangilio wa Enigma, iliyojengwa upya na inazunguka. Ngoma 108 zimepangwa mbele yako kwa rangi, na mlio wake ni kama cherehani mia za fundi mmoja. Katika kila kundi la safu tatu, ngoma za juu zinakimbia, za kati zinasogea kwa hatua, za chini ni kama zimesinzia. Nikashusha kasi ya shata hadi 1/15 ya sekunde, nikaegemea nguzo nikabana pumzi: juu pakawa mistari ya rangi, chini herufi zinasomeka moja moja. Siku hiyo sikupata picha nyingine ya kuifikia.

Humo pia imo Colossus, kompyuta ya mwanzo ya kufumbua siri, iliyojengwa upya, ile ya Tommy Flowers, mhandisi wa Posta ya Uingereza, iliyoanza kazi Bletchley mwanzoni mwa 1944 dhidi ya Lorenz, mashine nyingine ya siri ya Kijerumani, yenye magurudumu 12. Ukanda wa karatasi unapita kwenye fremu ambayo wenyewe waliiita kitanda. Usiupige kwa kasi kubwa. Umeme wa huko ni hezi 50, na kwa kasi kubwa taa za ndani zinakuchorea michirizi kwenye picha. Kaa 1/50 au 1/100.

Sasa niseme kilichonipeleka. Nilisoma Allidina Visram, Mombasa, miaka minne, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba madarasa yale yalikuwa kituo cha kazi hiihii. Wajapani waliposhambulia Colombo Aprili 1942, Waingereza waliwahamishia wafumbuaji wao wa Bahari ya Hindi Kilindini, wakaichukua shule yetu. Humo ndimo ulimofumbuliwa mfumo wa siri wa meli za biashara za Kijapani, uliopewa jina JN-40. Ule haukuwa wa mashine kama Enigma. Nilimwuliza mzee mmoja wa kujitolea kama amewahi kusikia Kilindini. Akatoa miwani, akanitazama vizuri, akaniuliza kama bahari inaonekana kutoka madarasani. Nikamwambia inaonekana, na ndiyo iliyotufelisha hesabu.

Usafiri ni rahisi: treni kutoka stesheni ya Euston, London, unashuka Bletchley, unatembea dakika chache. Tiketi ya Bletchley Park inakufaa mwaka mzima, kwa hiyo usikimbie. Kwa upande wa kompyuta tazama kwanza siku za kufungua. Lenzi ya milimita 35 inatosha, ya pili ni mzigo wa bure.

Mtandio sijaurudisha. Nikishuka Mombasa nitakwenda kumwomba mlinzi wa getini aniachie nusu saa kwenye ile baraza inayotazama bahari. Huko angalau hakuna kioo.