Jumamosi nzima ukumbini: Mashindano ya Dunia ya Riadha ya Ndani, Glasgow 2024

Nianze na mlio, maana ndio ulionishika kabla macho hayajazoea taa. Kundi la wanawake wa mita 3000 lilipita kwenye kona chini ya viti vyetu, na spaiki zao, viatu vyenye misumari chini, zikalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Kwenye kona za uwanja wa ndani sakafu imeinuliwa, chini yake kuna uwazi, kwa hiyo kila mguu unaotua unaitikiwa. Kwenye televisheni mlio huo huusikii, mtangazaji anaufunika. Nimeangalia riadha tangu nikiwa darasa la nne na sikuwahi kujua kwamba mbio zina sauti ya namna ile.

Haya ni maoni yangu kuhusu Jumamosi ya tarehe 2 Machi 2024, siku ya pili kati ya siku tatu za mashindano. Nilikwenda na mwanangu wa miaka kumi, asubuhi na jioni. Shifti mbili za usiku zililipa tiketi zetu. Naipa siku ile nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyopungua nitaieleza huko mbele.

Mimi nimekulia Mbulu, kaskazini mwa Tanzania. Mita 800 nimekimbia mara mbili kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwenye uwanja wa nyasi uliochorwa mistari kwa chokaa. Mvua ikinyesha usiku, mwalimu anaamka alfajiri kuchora upya, na sisi tunamshikia kamba. Sasa natunza wazee hapa Glasgow, na magoti yangu hayataki tena mbio, lakini mtu aliyewahi kukimbia mita 800 haachi kuzikimbia kichwani. Kwa hiyo nasema kama mtu niliyelipa tiketi, na pia kama mtu anayejua mzunguko wa mwisho unavyouma kifuani.

Kufika ni rahisi. Ukumbi uko Dalmarnock, mashariki mwa jiji, barabara tu inautenganisha na Celtic Park, na umeungana na uwanja wa baiskeli wenye jina la Chris Hoy. Ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2014. Unapanda treni Glasgow Central, dakika chache unashuka Dalmarnock, unatembea kidogo kwenye baridi, umefika. Watu wote kwenye behewa letu walikuwa wanakwenda huko huko, kwa hiyo hata njia hatukuuliza.

Sasa kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona uwanja wa ndani, aelewe hivi. Mzunguko mmoja ni mita 200, nusu ya ule wa nje. Njia ni sita tu. Kona ni kali mno, ndiyo maana zimeinuliwa upande wa nje, ili mkimbiaji alale na kona badala ya kurushwa nje. Aliyepangiwa njia ya kwanza anapinda kwenye kikona kidogo kabisa, wa njia ya tano na ya sita wana nafasi ya kunyoosha mguu. Tofauti hiyo ndiyo iliyoua mita 200 katika mashindano haya. Mara ya mwisho zilikimbiwa 2004, zikaondolewa kwa sababu bahati ya njia ilikuwa inaamua sana. Mbio za kasi zimebaki mita 60, na zinakimbiwa kwenye njia nane zilizonyooka katikati ya ukumbi. Ukimaliza, mbele yako kuna ukuta wa magodoro, na watu wanaugonga kweli.

Mwanangu aliuliza swali ambalo nilitamani mwalimu wangu angekuwepo kulijibu: "Mama, mbona wote wanataka kuwa mbele mapema?"

Mbulu tulifundishwa kukimbia kwa jina la mtu mmoja. Filbert Bayi ni mtu wa kwetu, wa Karatu, na mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, alitoka mbele tangu mwanzo wa mita 1500 akakaa mbele hadi utepe, rekodi ya dunia, 3:32.16. Mwalimu alikuwa anasema "toka kama Bayi" hata kwa mtoto wa darasa la tano anayekimbia na sketi. Nilipokuwa mkubwa nikaambiwa na wengine kwamba huo si ujanja, kwamba mwenye akili hukaa nyuma akasubiri. Basi ndani ya ukumbi nimeona mwalimu alikuwa na hoja. Sehemu iliyonyooka ni fupi kiasi kwamba ukitaka kumpita mtu hujamaliza, kona imefika, na kumpita kwenye kona maana yake ni kukimbia duara kubwa kuliko lake. Kila ukijaribu ukashindwa, umelipa mita zako bure. Ndiyo maana katika mita 400, ambazo ni mizunguko miwili, wanapoachia njia zao baada ya kona mbili za kwanza panakuwa na vita ya viwiko. Atakayefika kengele ya mzunguko wa mwisho akiwa mbele kwa kawaida ndiye mshindi.

Nikamweleza hivyo mwanangu. Siku hiyo hiyo tukaona wawili waliovunja kanuni hiyo mbele ya macho yetu.

Wa kwanza ni Alexander Doom wa Ubelgiji, katika hizo mita 400. Mbele yake alikuwa Karsten Warholm wa Norway, mwenye rekodi ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi, mtu anayekimbia kama anafukuzwa. Warholm aliongoza, kona ya mwisho ikapita, nikasema imekwisha. Doom akamla mwishoni kabisa, 45.25 kwa 45.34. Mwanangu akanitazama kama nimemdanganya.

Wa pili ndiye aliyenitoa machozi. Mita 3000 ndani ni mizunguko 15. Nilimpa mtoto kazi ya kuhesabu kwa vidole, akaishiwa vidole, akaanza upya. Waliokuwepo: Gudaf Tsegay wa Ethiopia, wakati huo mwenye rekodi ya dunia ya mita 5000 na bingwa wa dunia wa mita 10,000, Beatrice Chepkoech wa Kenya, mwenye rekodi ya dunia ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Mmarekani Elle St. Pierre, ambaye kwao Vermont ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na siku ile alikuwa na mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Watatu hao waliwaacha wengine mbali. Huo ndio wakati nilipoelewa kwa nini nimelipa tiketi. Kila baada ya nusu dakika na kidogo wanapita tena mbele yako, karibu kiasi kwamba unaona jasho kwenye shingo, unaona nani amekaza taya, nani bega limeanza kupanda. Kwenye uwanja wa nje wakienda upande wa pili wanakuwa kama sisimizi, unasubiri warudi. Humu hawaendi popote. Unawasoma kama mtu unayeishi naye nyumba moja. Chepkoech nilimwona alipoanza kuachwa. Alianza kuvuta pumzi kwa mdomo wote, hatua zikafupika kidogo tu, kisha akakataa kuanguka. Nikasimama nikapiga kelele, "Jikaze, dada!" Kiswahili kitupu. Mzee wa Kiskoti aliyekaa mbele yangu akageuka akapiga makofi pamoja nami bila kuelewa neno.

Kona ya mwisho Tsegay alikuwa mbele. Kwa hesabu ya mwalimu wangu, dhahabu ilikuwa yake. St. Pierre akatoka nje, akaja naye sambamba, na kwenye mnyooko wa mwisho akampita. Muda wake 8:20.87, rekodi ya mashindano. Tsegay 8:21.13. Chepkoech wa tatu, 8:22.68, rekodi ya Kenya ya mbio za ndani. Mimi nilijifungua huyu mwanangu nikaambiwa na watu wa nyumbani kwamba mwili wa mwanamke ukishazaa umekwisha, na niliwaamini. Nilikaa chini nikamshika mtoto mkono, na yeye akauliza kwa nini nalia ilhali Mkenya hakushinda.

Kuhusu kelele, jiandae. Josh Kerr ni kijana wa Edinburgh, bingwa wa dunia wa mita 1500 wa Budapest 2023, na jioni ile alikimbia mita 3000 nyumbani kwao. Aliposhika uongozi, ukumbi ulitetemeka, nasema kweli, niliusikia kwenye kiti. 7:42.98, dhahabu. Ukienda na mtoto mdogo mnunulie vizuia sauti vya masikio. Wangu aliziba kwa viganja hadi mbio zikaisha.

Femke Bol wa Uholanzi alikimbia mita 400 kwa 49.17 akavunja rekodi ya dunia aliyoiweka mwenyewe wiki mbili nyuma. Hapa sina la kusimulia zaidi, maana hapakuwa na mapambano, palikuwa na mtu mmoja anayekimbia vizuri kuliko wanawake wote waliowahi kuzikimbia ndani. Anapoingia kwenye kona hapunguzi kitu. Hilo tu ndilo niliweza kumwonyesha mtoto: tazama mabega, hayatikisiki.

Sasa viti. Sisi tulikaa pale kona ya mwisho inapoachia mnyooko wa kumalizia, na kwa mbio za mzunguko sibadilishi kiti kile hata nikipewa cha wageni rasmi. Hapo ndipo mbio zinaamuliwa. Lakini mita 60 zinakuwa shida. Wanaanzia karibu nawe, mlio wa kuanza unakupiga moyoni, kisha unabaki unatazama migongo inayokimbia kwenda mbali. Julien Alfred wa Saint Lucia alishinda kwa 6.98 na mimi nilijua baada ya ubao kuandika. Kisiwa kidogo, watu hawafiki hata laki mbili, na bendera yao ikapanda. Anayependa mbio za kasi anunue tiketi upande wa mstari wa kumalizia.

Na hapa ndipo nyota moja ilipokwenda. Riadha ina kawaida ya kukupa vitu vitatu kwa mpigo, na ndani ya ukumbi, ambako vyote viko chini ya pua yako, kawaida hiyo inauma zaidi. Hugues Fabrice Zango wa Burkina Faso alishinda kuruka mara tatu kwa mita 17.53, na Yasser Triki wa Algeria akawa wa pili, Waafrika wawili juu ya jukwaa. Mruko ule wa ushindi sikuuona. Nilikuwa nimegeukia kwingine, nikasikia watu wanashangilia nyuma ya kichwa changu. Kwenye kuruka kwa upondo nako Molly Caudery wa Uingereza aliruka mita 4.80 akachukua dhahabu, na niliona mruko mmoja mmoja tu kama mtu anayechungulia dirishani. Ushauri wangu ni mmoja: kabla ya kukaa, chagua shindano moja la kuruka au kutupa ulifuate tangu mwanzo, jina kwa jina. Sisi hatukuchagua, tukapata vipande.

Chakula: kibanda kimoja tulichopanga foleni kilitupa chipsi zilizopoa kwa bei ya mlo kamili, na foleni ilikula muda ambao ningekuwa kitini. Jioni tulikuwa tumejifunza. Katikati ya vipindi viwili tulitoka, tukakaa kwenye ukuta mfupi na kula chapati na mayai nilivyofunga kwenye foili tangu usiku.

Jumapili nilikuwa kazini. Nikaangalia marudio usiku: Devynne Charlton wa Bahamas kavunja rekodi ya dunia ya mita 60 viunzi, 7.65, na Jemma Reekie, Mskoti mwingine, kachukua fedha ya mita 800 nyuma ya Tsige Duguma wa Ethiopia. Mbio zangu zile, na mimi sikuwepo. Kwa anayepanga kwenda siku moja tu, atazame kwanza ratiba ya fainali, asichague kwa kuangalia siku yake ya mapumziko kama nilivyofanya mimi.

Jambo la mwisho ni kwa wenzangu wa Afrika Mashariki tunaoishi huku, ambao wengi mmeniambia "hizo za ndani si zetu". Si kweli. Paul Ereng aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 za ndani kwenye mashindano haya haya, Budapest 1989. Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya aliyekimbia kwa bendera ya Denmark, alizikimbia kwa 1:42.67 Paris mwaka 1997. Hellen Obiri alichukua dhahabu ya mita 3000 Istanbul 2012. Halimah Nakaayi wa Uganda alipata shaba ya mita 800 Belgrade 2022. Watoto wetu waliozaliwa huku hawayajui majina hayo, na ukumbini ni mahali pazuri pa kuwaambia, kwa sababu kati ya mbio moja na nyingine kuna dakika za kutosha za kusimulia.

Yaliyofuata yalikuwa ya Nanjing, China, Machi 2025, yale yaliyotakiwa kufanyika 2020 korona ikayaahirisha. Huko sikufika. Tuliporudi kutoka ukumbini Jumamosi ile usiku, kwenye jukwaa la stesheni ya Dalmarnock, mwanangu alichora kwa kidole hewani mistari sita, akaniambia nisimame njia ya sita kwa sababu magoti yangu yanauma, na yeye akachukua ya kwanza.