Mombasa Wakati wa Masika: Tathmini ya Matembezi ya Wawili Kisiwani

Anayepanga safari ya Mombasa kati ya Aprili na Juni huonywa na karibu kila mtu kwamba amechagua msimu mbaya, na kwa upande wa ufuo onyo hilo ni la haki. Masika huingia pamoja na pepo za kusi, bahari huchafuka, mwani hurundikana mchangani, na baadhi ya hoteli hutumia kipindi hicho kufunga na kufanya ukarabati. Hata hivyo, Mombasa ilikuwa mji wa mawe karne nyingi kabla ya hoteli za ufuoni kujengwa, na upande huo wa kisiwani, kwa maoni yangu, hutembeleka vizuri zaidi siku za mvua kuliko chini ya jua la Januari. Mimi na mume wangu tulikwenda mwezi Mei, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kuliko yote, na ninachokitathmini hapa ni matembezi ya ngome ya Fort Jesus na Mji wa Kale tuliyoyafanya na kiongozi wa watalii wa kukodi, pamoja na huduma chache nyingine ambazo nisingependa wengine wazigharamie bila kujua.

Nianze na kiongozi mwenyewe, kwa kuwa siku ya mvua ndiye anayeamua kama fedha zenu zimekwenda kihalali. Kiingilio cha Fort Jesus hutofautiana kati ya raia wa Kenya, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wengine, na ada ya kiongozi haimo ndani yake, hivyo ni lazima mpatane bei kabla ya kuvuka lango. Wetu alitushauri tuanze asubuhi iliyosogea kidogo, kwa sababu mvua ya masika pwani hupiga zaidi usiku na alfajiri, kisha hupumzika. Ilirudi mapema kuliko alivyotarajia, lakini hakuahirisha wala hakukimbiza maelezo. Alibadili tu mpangilio wa vituo, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyoipa ziara yetu ladha yake.

Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ndani ni uwanja ulio wazi, wengi hudhani haifai kutembelewa mvua ikinyesha. Kiongozi wetu alitupeleka moja kwa moja kwenye birika la zamani la kukingia maji ya mvua, kisha kwenye kisima kirefu kilichochimbwa na Waarabu waliokuja baadaye, ambacho maji yake yalikuwa ya chumvi na hayakufaa ila kwa kuoshea. "Dada, watu wa humu walikuwa wakiyangoja masika kama mkulima," aliniambia huku akitikisa mwavuli wake. Hapo ndipo alipotusimulia jinsi Waomani walivyoizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, ambapo maradhi yaliwaangamiza wengi waliokuwa wamejifungia ndani. Nimewahi kuisoma habari hiyo, lakini kuisikia mbele ya birika, maji yakichuruzika kwenye kuta za matumbawe na kukusanyika sakafuni, kulinifanya nielewe jambo ambalo kibao cha makumbusho hakiwezi kulieleza: kwamba ngome kubwa kiasi hicho, iliyo ukingoni mwa bahari, ilitegemea mawingu kwa maji ya kunywa.

Mvua ilipozidi tuliingia jengo la makumbusho, na hapa ndipo penye hazina ya siku za namna hii. Pamewekwa vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwasaidia waliozingirwa, na pia michoro ya ukutani iliyoachwa na askari wa Kireno waliokuwa zamu. Michoro hiyo si kazi ya fundi. Ni meli na watu waliochorwa na vijana waliochoka kulinda, na mume wangu, ambaye kwa kawaida hupita makumbusho kwa mwendo wa mtu aliyeitwa mahali pengine, aliganda mbele yake hadi kiongozi akatuacha wawili akaenda kuzungumza na wenzake. Nyumba ya Waomani, iliyo kwenye kona nyingine ya ngome, nayo ina paa na inastahili muda wenu. Waingereza waliifanya ngome hii gereza tangu 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Sehemu hiyo ya historia ilipitiwa haraka mno, nami ningependa kuelezwa zaidi. Vaeni viatu visivyoteleza, kwani ngazi za mawe zikilowa hazina huruma.

Kutoka ngomeni mnaingia Mji wa Kale kupitia mtaa wa Ndia Kuu, na humo mvua si kero kama inavyodhaniwa, kwa sababu roshani za mbao zimejitokeza juu ya njia na mtu anaweza kujikinga chini ya nyumba moja hadi nyingine. Vichochoro vyenyewe havipitishi miavuli miwili sambamba, kwa hiyo bebeni mmoja mkubwa. Mbele ya mlango mmoja wa nakshi tulimkuta mzee ameketi barazani. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, "Marahaba, wanangu, sogeeni huku, msilowe," akatupisha nafasi bila kutuuliza tulikotoka. Muuza kahawa alipopita na dele lake la shaba, makaa yakiwaka chini yake na matone ya mvua yakilia yanapoyagusa, mzee alimwita na kutuagizia kahawa tungu yenye tangawizi, pamoja na kashata. Alikataa kata kata tulipie. Hakuna kampuni inayoweza kuweka jambo hilo kwenye ratiba, na sidhani lingetokea mchana wa jua kali, kila mtu akiwa mbioni kutafuta picha.

Wenzi wanaotembea mtaa huu wajisitiri kwa mavazi na waache kukumbatiana njiani, kwani ni mtaa wa watu wanaoishi na kuswali. Msikiti wa Mandhry, mmoja wa mikongwe zaidi mjini, upo humo humo. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa, hivyo siku hiyo anzeni mapema. Bandari ya Kale ilikuwa kimya, jambo lililoniudhi mpaka kiongozi alipotukumbusha kwamba majahazi ya masafa kwa desturi yalikuja na kaskazi na kuondoka na kusi.

Sasa niseme yasiyofaa. Wakala mmoja wa ufuoni, ambaye sitamtaja, alituuzia safari ya mashua yenye kioo chini akijua fika hali ya bahari mwezi huo. Tuliona maji ya rangi ya chai ya maziwa na hakuna samaki, na fedha hazikurudishwa. Masika yakishaanza, msilipie safari hiyo kwa bei yoyote. Mgahawa mmoja unaotazama maji ulituketisha chini ya turubai linalovuja na kututoza bei ya mandhari ambayo hatukuiona. Siku iliyofuata tulikula mahamri na mbaazi, kisha viazi karai vya ukwaju, katika vibanda vya kawaida vyenye paa la mabati, na tukashiba kwa sehemu ndogo ya gharama ile.

Pembe za ndovu za bandia zilizosimamishwa juu ya Barabara ya Moi zinatosha kutazamwa kutoka ndani ya tuktuk, bora mpatane nauli kabla ya kupanda na mhakikishe ina mapazia ya plastiki pembeni. Bustani ya Mama Ngina ni ya kwenda mvua ikikatika, jioni, mkatazame meli zikiingia bandari ya Kilindini. Haller Park kule Bamburi, iliyokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kabla ya kupandwa miti, hupendeza kwa ukijani msimu huu, ila njia zake ni za udongo, nasi tuliiacha nusu.

Kwa wanaorudi Nairobi kwa treni, kituo cha Miritini kiko bara, nje ya kisiwa, na mvua kubwa hujaza maji barabarani na kuzuia magari. Ondokeni mjini mapema kuliko mnavyoambiwa na hoteli, na muwe na nguo kavu kwenye begi la mkononi.