TAHADHARI: Muuza ukoka anayeuza na "dawa ya ndago", Goba mpaka Madale

Jamani majirani, masika ndiyo hayo yanaishia na kila mwenye kiwanja mbele ya nyumba anawaza kupanda ukoka. Huyu kaka analijua hilo. Anagonga geti jioni jioni, kirikuu imejaa ukoka uliomwagiwa maji ukametameta, shikamoo tatu kabla hujajibu ya kwanza. 4,500 kwa mita ya mraba, kupanda bure. Kwenye vitalu vya barabarani nilikuwa nimetajiwa zaidi, nikajiona mjanja.

Anapima kwa fimbo iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Tukahesabu mita 60, nikalipa 270,000 taslimu, maana "mama, namba yangu ina mkopo, ukituma wanakata."

Wiki ya tatu majani fulani yakaanza kuwapita wenzake, marefu, yanang'aa. Ndago! Nilichimba nikakuta vijiazi vyeusi vimeungana kama shanga kwenye uzi. Hiyo ukiing'oa juu, kiazi kinabaki chini na kuchipua upya. Nikampigia kulalamika, naye wala hakushtuka: "Ndago za kawaida mama, dawa ninayo."

Kesho yake kaja na chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndani kimiminika cha manjano, haina lebo wala jina. 25,000. Eti inaua ndago inaacha ukoka. Akapima eneo tena kwa fimbo yake ajue kipimo cha kuchanganya, akaondoka. Kijana wa bustani akapulizia Jumamosi. Baada ya siku kama kumi, ukoka wote umekauka kama makuti. Zikanyesha mvua mbili, ndago zikatoka peke yake, tena kwa raha. Nadhani ilikuwa glaifoseti, ile inayoua karibu kila jani bichi inaloligusa, lakini kwenye chupa isiyo na lebo nitathibitisha vipi? Na kinachonisisimua mwili mpaka leo ni kwamba chupa ile ilikaa usiku mzima jikoni, jirani na maji ya kunywa ya watoto.

Fimbo nayo aliisahau ukutani. Mwanangu akaiwekea tepu: sentimita 80. Msidhani nimepunjwa sentimita 20 tu. Mraba wa 80 kwa 80 ni 0.64 ya mita ya mraba, kwa hiyo mita zangu 60 zilikuwa 38 na kidogo. Karibu laki moja imeliwa kwenye vipimo peke yake, ndago nikapewa nyongeza.

Akija kwako, pima kwa tepu yako. Usiangalie vipande vya juu alivyovipanga, vuta cha katikati ya gari, kigeuze, pekua udongo utafute vijiazi. Shina la ndago ukilisokota kwa vidole utasikia pembe tatu, la ukoka halina pembe hizo. Dawa nunua duka la pembejeo, chupa iliyofungwa kiwandani, yenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania). Ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji usiipokee hata ya bure.

Mimi sasa nachimbua kwa jembe, kiazi kimoja kimoja, kabla sijapanda upya. Simu yake haipatikani. Fimbo ninayo hapa nyumbani, aliyepimiwa naye karibu aje ahakikishe.