Mwenye nyumba anayepokea simu saa nane usiku, uzoefu wangu

Nimeshapanga nyumba nne na sijawahi kumsifia mwenye nyumba yeyote, ila huyu mama wa sasa kwa kweli anastahili.

Iko hivi, saa nane usiku nasikia maji yanamwagika, naenda chooni nakuta ile paipu laini inayoingiza maji kwenye tangi la choo imekatika pale kwenye nati, maji yanaruka mpaka ukutani yanachuruzika hadi kwenye soketi ya koridoni. Nikampigia nikijua hatapokea, maana yule wa nyumba niliyotoka ukimtumia meseji unaona kabisa kaisoma halafu kimya siku tatu. Huyu akapokea hapo hapo na wala hakuuliza nani kaharibu. "Mwanangu, usikanyage penye maji, kwenye meinswichi unafika pakavu? Haya izime kwanza." Nikazima. "Sasa nenda kwenye mita ya maji, kuna koki, funga." Koki yenyewe imekaza, miaka haijaguswa, nikaizungusha na kitambaa mpaka kiganja kikawaka moto, na muda wote huo mama yuko hewani ananisubiri. Ilipofunga akasema kabla hujadeki nipigie picha hiyo nati na soketi nimtumie fundi.

Hapo kwenye picha ndo nilimkubali. Saa moja asubuhi fundi yuko mlangoni na paipu mpya ya saizi ile ile, hakuna cha kuja kupima halafu anapotea. Na mama alikataa umeme kuwashwa mpaka fundi umeme afungue soketi aikague ndani, mimi ningewasha tu jamani.

Kasoro ipo, rangi ya ukuta uliolowa ilichukua wiki tatu. Lakini kila siku ikisogezwa ananiambia mapema, "Fundi kaugua, tufanye Jumatano," basi napanga mambo yangu, simkimbizi mtu kwa simu. Kinachoniuaga mimi ni kukaa sijui chochote.

Halafu ile koki kaibadilisha, kaweka ya mkono unaoufunga kwa kuzungusha robo tu, kaipaka rangi nyekundu, akatuita wapangaji wote mmoja mmoja kutuonesha. Juzi kaingia mpangaji mpya, hata godoro hajashusha, mama kampeleka kwenye mita kamwambia afunge na kufungua kwa mkono wake mwenyewe.