Uzoefu wangu: Datsun 240Z kwenye Alcan 5000, kutoka Seattle hadi Bahari ya Aktiki

Wenye magari ya zamani wengi niliokutana nao huku Marekani huamini kwamba 240Z, gari dogo la michezo la Kijapani la miaka ya sabini, ni ya kufunikwa turubai gerejini na kutolewa Jumapili, tena lami ikiwa kavu. Mimi nimeipeleka yangu kwenye Alcan 5000, kutoka kando ya Seattle hadi Inuvik, kaskazini mwa Kanada, na kupitiliza hadi Tuktoyaktuk, mahali barabara inapoishia baharini. Nilirudi nikiwa na hakika kwamba gari hili lilizaliwa kwa ajili ya changarawe. Naandika kwa yeyote aliye na Z, au anayetaka kununua, anayejiuliza kama itahimili.

Kwanza rali yenyewe, maana sisi wa Kenya tukisikia neno hilo tunawaza Safari na magari yanayopaa. Alcan haishindaniwi kwa kasi. Ilianza 1984, na namba iliyo kwenye jina lake inatokana na urefu wa maili 5,000 hivi, karibu kilomita 8,000. Unapewa kitabu cha njia, na kwenye vipande fulani unaambiwa wastani wa kasi unaopaswa kuushika. Vituo vya kupimia muda vimefichwa. Ukiwahi unaadhibiwa, ukichelewa unaadhibiwa, na hesabu ni ya sekunde. Sehemu kubwa ya siku iliyobaki ni safari tu: mamia ya kilomita za misitu ya British Columbia na Yukon, petroli, chakula, kulala, kuamka mapema. Kwa kazi hiyo farasi mia nne hawana faida. Unataka gari lisilokuchosha mgongo na ambalo likiharibika unaweza kulitengeneza mwenyewe kando ya barabara.

Langu ni la 1972: injini ya L24 ya lita 2.4, silinda sita kwa mstari mmoja, kabureta mbili, gia nne. Uzito ni tani moja na ushee. Usukani hauna msaada wowote, na kompyuta hakuna. Dereva anakaa nyuma sana, karibu na ekseli ya nyuma, boneti ndefu ikitangulia mbele yake, na hapo ndipo raha ya changarawe ilipo: sehemu ya nyuma ikianza kuteleza unaisikia kiunoni mapema, unarekebisha usukani kidogo, linatulia. Kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake, hata ya nyuma, jambo ambalo magari mengi ya bei yake mwaka 1970 hayakuwa nalo. Ukipita kwenye matuta madogo madogo yanayofuatana, yale ya barabara isiyopitishwa greda, gari haliruki pembeni.

Wala hili halikugunduliwa Yukon. Lilithibitishwa kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na Lofty Drews kwa gari la aina hiyo hiyo. Mara hiyo ya pili Mehta alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 180B, ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike. Magari yale yalikuwa mekundu, boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimpige dereva machoni. Na langu nimelipaka hivyo hivyo, kwa heshima.

Sasa barabara ya Dempster, kwa sababu ndiyo mtihani. Barabara hii inaanzia kilomita kama 40 mashariki ya Dawson City, mji wa Yukon, na kwenda kaskazini zaidi ya kilomita 730 hadi Inuvik. Ilifunguliwa 1979. Chini yake ardhi imeganda mwaka mzima. Ingejengwa moja kwa moja juu ya udongo, joto lingeyeyusha ardhi hiyo na barabara ingezama. Kwa hiyo ilijengwa juu ya tuta nene la changarawe, kati ya mita 1.2 na 2.4, la kuikinga barafu. Kwa dereva maana yake ni moja: hakuna bega la barabara. Ukitoka umeporomoka. Katika vipande vya kupimwa muda, shemeji yangu, aliyekuwa mwelekezi, alikuwa akinitajia sekunde bila kuinua kichwa, nami sikuwahi kujaribiwa kuzifidia kwenye kona. Pointi zinarudi kesho.

Mawe yake yana makali. Chukua spea mbili kamili, zenye rimu, usikubali ile spea nyembamba ya dharura. Rimu za asili za inchi 14 zinapendeza, lakini tairi imara za ukubwa huo ni tabu kupata; nilihamia inchi 15 na tairi za kuta ngumu, nikanyanyua springi kidogo, na nikafunga bamba la alumini chini ya injini. Tulipata pancha kaskazini ya Eagle Plains, kituo cha petroli katikati ya Dempster. Dakika chache za jeki na spana, tukaendelea. Bamba lile la chini lilirudi na mabonde mengi kiasi kwamba sitaki hata kufikiria tangi la oili lingekuwaje bila hilo.

Petroli watu wananiuliza sana. Tangi la Z ni lita 60. Kutoka Dawson hadi pampu ya Eagle Plains, iliyo kwenye kilomita 369 ya Dempster, ni kama kilomita 410 ukihesabu na kile kipande cha mwanzo. Langu linakunywa lita 12 hivi kwa kila kilomita 100 kwenye changarawe. Linafika, lakini upepo wa mbele hauna urafiki. Beba dumu moja.

Mbele kidogo ya Eagle Plains, kwenye kilomita 405, unavuka mstari wa Aktiki. Mwisho wa Agosti tundra, yaani nyanda za baridi zisizo na miti, yote imeshageuka nyekundu na kahawia, vilima vitupu pande zote, na anga kubwa ambayo mtu aliyekulia Bonde la Ufa anaielewa mara moja. Baadaye zipo feri mbili, mto Peel na mto Mackenzie. Majira ya baridi magari hupita juu ya barafu, na kati ya majira hayo mawili kuna wiki ambapo hakuna feri wala barafu ya kutosha, hupiti kabisa.

Huko Fort McPherson, nchi ya Wagwich'in, wenyeji wa asili wa huko, wamezikwa askari polisi wa doria iliyopotea majira ya baridi ya 1910 na 1911. Walikuwa wanne, wakielekea Dawson, na walikuwa wamemwachia mwongozaji wao Mgwich'in arudi zake. Wakaikosa njia, chakula kikaisha, wakafa wakijaribu kurudi. Aliyetumwa kuwatafuta na akawapata ni Koplo Dempster, ambaye barabara imepewa jina lake. Shemeji alisimama pale muda mrefu kuliko mimi. Mtu ambaye kazi yake ni kusoma njia anaisikia habari hiyo kwa namna yake.

Tatizo kubwa la Z kwenye safari ndefu ni hewa ya ndani. Wenye nazo wote wanalijua: ukienda kasi, mvutano wa hewa nyuma ya mlango wa buti hurudisha moshi wa ekzosi ndani, hasa mipira ya mlango ikishazeeka. Kwenye vumbi inakuwa mara mbili. Badilisha mpira wote wa mlango wa nyuma, ziba kila tundu la nyaya na la taa za nyuma, na ukaguliwe ufa wowote kwenye ekzosi. Usilichukulie kama suala la harufu, moshi ule ni sumu na mnakaa nao saa nyingi mchana kutwa. Sisi tulibeba kipimo cha gesi ya kaboni monoksidi kinachotumia betri, cha kawaida cha nyumbani, tukakibandika kwenye dashibodi. Hakikulia hata mara moja.

Asubuhi za baridi injini ilitii. Vuta choki, iliyo kati ya viti, usikanyage mafuta, piga stata, subiri itulie. Mfumo wa kuwasha plagi nimeubadilisha kuwa wa kielektroniki na hilo ndilo badiliko moja la kisasa ninalolisisitiza. Joto la ndani linatosha kwa miguu, kioo cha mbele kinachelewa kuwa safi. Taa nilizifunga wavu wa chuma, na zilipona zote. Kioo cha mbele hakikupona. Lori lilitupita upande wa pili bila kupunguza mwendo, jiwe likaacha ufa unaokaribia upana wa kioo. Tangu hapo kila lori lilipotokea tulisogea na kusimama kabisa, na hiyo ndiyo adabu ya barabara ile.

Jambo la mwisho ni kutu, adui wa kweli wa gari hili. Dempster hunyunyiziwa chumvi ya kalisi ili vumbi litulie, na ikilowa inageuka tope linaloganda kama saruji chini ya bodi. Ukifika tu mahali penye maji ya presha, osha chini, ndani ya matao ya magurudumu, na kwenye mikono ya fremu inayopita chini ya sakafu, kwa sababu hapo ndipo 240Z huoza mtu asione. Ukinunua moja, anzia kukagua hapo na chini ya betri, kabla hata hujawasha injini. Injini ya L24 inatengenezeka popote. Sakafu iliyokwisha inakula pesa kuliko gari lenyewe.

Kipande cha mwisho, Inuvik hadi Tuktoyaktuk, karibu kilomita 138, kilifunguliwa Novemba 2017 tu. Kabla ya hapo kijiji hicho kilifikiwa kwa gari wakati wa barafu peke yake. Barabara inapinda kati ya vidimbwi vingi visivyohesabika, changarawe yake ni laini baada ya mvua, na Z iliipita kwa gia ya tatu, injini ikizunguka vizuri kwenye mizunguko elfu tatu kwa dakika. Hiyo ndiyo sauti ninayoipenda kuliko zote za gari hili.

Je, ningelichukua tena? Kwa rali ya kiangazi, ndiyo, bila kubadilisha chochote ila kioo. Kwa ile ya majira ya baridi, ya Februari, ningechukua gari lenye hita kubwa na magurudumu manne yanayovuta, kwa sababu kule baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri na kioo kinachochelewa kusafika hakifai mbele ya dereva.