Kochi au sofa? Tazama hii kabla hujampa fundi oda

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tupo Tabora, kwenye mbao ya mninga yenyewe, na hapa mbele kuna vitu viwili ambavyo mtaani vyote vinaitwa makochi. Ukifika kwa fundi, neno moja linabadilisha bei.

Hiki chenye mikono ya mbao iliyo wazi, mito unaitoa na kuirudisha, ndicho mafundi wengi wanachokiita kochi. Hiki kingine kimevikwa kitambaa mpaka chini, mbao huioni: sofa. Wapo wanaosema masofa kwa vyote, wapo wanaosema seti tu. Seti ya 3-2-1-1 ni viti vinne, watu 7.

Tuanze na kochi. Geuza, angalia chini, maana juu vanishi nzito inaficha mengi. Moyo wa mninga una rangi ya kahawia yenye wekundu, na mchwa hauupendi. Ile mbao nyeupe ya pembeni ndiyo inayotobolewa, ukiona unga sakafuni ujue kazi imeshaanza. Viungo viwe vya ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja inaingia kwenye tundu la nyingine, pamoja na gundi. Misumari mitupu? Miezi michache tu, kochi linalia kila ukikaa. Chaga za kubebea mito zisiachane zaidi ya sentimita 5, la sivyo sponji inazama katikati. Unene wa sponji usipungue inchi 4. Bonyeza kwa ngumi, ikichelewa kurudi, achana nayo.

Sofa ni gumu zaidi kulikagua, na hapo ndipo watu wanapigwa. Mwambie fundi akuoneshe fremu kabla hajavika kitambaa. Mikanda ya chini isukwe pande mbili, kama mkeka. Ikipita upande mmoja inalegea haraka. Likiwa limeshavikwa, inua pembe moja ya mbele kama sentimita 15. Mguu wa pili wa mbele ukibaki chini, fremu inajikunja.

Halafu kuna stuli, hapa ugomvi ni wa kweli. Kwa muuza seti, stuli ni kijimeza cha kuwekea vikombe. Kwa mwingine ni cha kukalia, na kile kifupi cha jikoni ni kigoda. Usiseme "na stuli nne" ukaishia hapo. Sema ni za vikombe, kimo sentimita 45.

Kwa vumbi la kiangazi la huku, mimi nachagua kochi: foronya unavua, unafua, unaanika. Sofa unalipiga brashi tu, na chai ikimwagika imemwagika.

Ukilitaka sofa hivyo hivyo, pima mlango kwanza. Mlango wa sentimita 80 na sofa lenye kina cha 90, mtalilaza ubavu. Lile la L agiza litengenezwe vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti, kabla fundi hajakata mbao.