Kategoria na tagi za WordPress kwenye duka la spea: uzoefu wangu

Tovuti ya duka letu hapa Kirinyaga Road, Nairobi, haina kikapu wala malipo ya mtandaoni. Kila spea ni posti moja yenye picha, bei na namba ya simu. Fundi akiiona anapiga, au anatuma mtu wa boda. Mfumo tuliokuwa nao zamani ulikuwa na orodha moja tu ya mafungu, fungu haliingii ndani ya fungu lingine, kwa hiyo gari kama Probox na spea kama breki zilikaa safu moja. Tulipohamia WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti, kazi ikawa kazi, na naipendekeza bila kusita kwa yeyote mwenye vitu vingi vinavyokaribiana.

Raha yake kubwa ni kwamba kategoria, yaani fungu la posti, inaweza kuzaa. Juu tumeweka Toyota, chini yake Probox, Fielder na Vitz, na ndani ya kila gari kuna breki, injini na bodi. Ukitia alama kwenye Breki ya Probox peke yake, spea hiyo itaonekana hata mteja akifungua ukurasa wa Toyota, huna haja ya kuweka alama kila ngazi. Jina "Breki" linaruhusiwa kurudiwa chini ya magari tofauti. Anwani ya kategoria ya pili mfumo wenyewe huiandika breki-fielder, zisije zikagongana. Na ukifuta kategoria, posti zake hazifutiki, na kategoria zilizokuwa chini yake hupanda ngazi moja. Kwa duka ambalo kila mara linaongeza au kuacha gari fulani, hilo ni jambo la maana sana.

Sasa chukua koili (ile inayopeleka moto kwenye plagi) ya Toyota yenye namba 90919-02240. Inaingia kwenye injini ya 1NZ-FE, na injini hiyo iko kwenye Probox, Fielder, Premio za 1500 na baadhi ya Vitz. Utaiweka chini ya gari gani? Ukiitia alama kila mahali, orodha inajaa, na bado hujamjibu fundi, kwa sababu fundi haulizi hivyo. Anafika kaunta na kusema, "Boss, niko na Fielder, 1NZ, nataka koili." Anachokitaja ni injini.

Hapo ndipo tagi, yaani neno unalobandika kwenye posti ili zenye neno hilo zikusanyike pamoja, inapofanya kazi. Tagi ziliingia WordPress na toleo la 2.3, mwaka 2007, na hazina mzazi wala mtoto. Tagi yetu ya 1NZ inakusanya plagi, koili, filta na gasketi zote za injini hiyo, ziwe zimepangwa chini ya gari lolote. Mafundi wengi sasa wamehifadhi ukurasa huo kwenye simu zao na hawapitii menyu kabisa. Kwangu mimi huo ukurasa mmoja unatosha kulipia gharama ya tovuti nzima.

Penye kuhitaji uangalifu ni nani anaunda nini. Mtu mwenye ngazi ya mwandishi hawezi kuunda kategoria mpya, hiyo ni kazi ya mhariri kwenda juu. Tagi, lakini, anaweza kuandika yoyote anayotaka. Vijana wetu wa kaunta wote ni waandishi, na kila mmoja ana Kiswahili chake: huyu anaandika filta, yule filter, mwingine filta ya oil. Kwa WordPress hizo ni tagi tatu, na haina kitufe chake cha kuziunganisha, unahitaji programu-jalizi (programu ya kuongezea kwenye WordPress) kama TaxoPress. Sisi tumebandika orodha ya tagi zinazokubalika kando ya kompyuta: majina ya injini, "ex-Japan" (iliyotumika Japani), "mpya", basi. Anayetaka nyingine anauliza kwanza.

Jingine kwa wenzangu wa spea: kisanduku cha kawaida cha kutafuta cha WordPress husoma kichwa na maelezo ya posti, hakisomi tagi. Namba ya spea iandikwe kwenye kichwa, hivi: "Koili ya 1NZ, 90919-02240". Fundi aliyeshika koili iliyoungua ananakili namba iliyo juu yake, anaitafuta, na anaipata hapo hapo.